Siku Mama Buko Aliposhika Usukani

Nitasimulia mwenyewe, maana akisimulia mke wangu huongeza chumvi, na mkasa huu hauhitaji chumvi hata punje. Katika aibu zote zilizonipata Élisabethville (na hazikuwa chache, waulizeni watu wa mtaa wetu wa Katuba) hii ndiyo iliyonivua nguo mchana kweupe, Jumapili, misa ikitoka, mbele ya watu wale wale niliotaka wanione mtu wa maana.

Wakati huo nilikuwa fundi katika garaji moja ya mjini, kijana, sina mke, ruhusa ya kuendesha iko mfukoni, na nilikuwa na motokari. Msicheke, nilikuwa nayo kweli! Ilikuwa ya kizamani, ya mbio, ya watu wawili tu, pua ndefu iliyofungwa kwa mkanda wa ngozi, magurudumu ya njiti kama ya kinga (baiskeli, kwa ninyi wa mbali), na mkia uliochongoka, na ndani ya mkia huo kiti kimoja cha kufunua kama sanduku. Mzungu mmoja aliiacha nyuma ya garaji aliporudi kwao, kuku wa mlinzi wakawa wanaatamia mayai kwenye viti vyake, mpaka siku patron wangu, mwenye garaji, alipochoka akaniambia niondoe takataka ile uani kwake. Niliiondoa. Niliisukuma mpaka Katuba nikiimba njia nzima.

Rafiki yangu Kasongo alikuwa fundi wa kuchonga vyuma, mtu mpole mwenye mikono ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Mwaka na nusu, kila Jumamosi mchana na kila Jumapili baada ya misa, tulikuwa chini ya motokari ile, yeye anachonga kipande kilichokosekana kwa kuangalia tu tundu lake, mimi nasugua, nakaza, nalegeza, nakaza tena. Kazi yangu ya fahari ilikuwa garde-boue, zile bamba za kufunika magurudumu, ambazo nilizigonga mwenyewe kutoka kwenye pipa la mafuta, juu ya kisiki, kwa nyundo ya mbao, miezi minne, mpaka ukiinama unaona nyusi zako. Siku injini ilipoamka mara ya kwanza Kasongo alilia. Mimi pia nililia, lakini nilisema ni moshi.

Ilibaki kasoro moja. Injini iliamshwa kwa manivela, kile chuma cha kuzungusha mbele, na jino la manivela yetu lilikuwa limelika, linaruka na kutaka kukuvunja mkono. Tukazoea kusukuma: mmoja nyuma, mwingine kwenye usukani, gia ya pili, mguu wa kushoto umekanyaga klachi, motokari ikichanganya mwendo unaachia mguu, injini inaamka. Kwa watu wawili ilikuwa kazi ndogo.

Sasa, nilikuwa nampenda Astrida. Astrida ni mtoto wa Kilwa, kule kwenye ziwa Mweru, alikaa Katuba kwa dada yake mkubwa, Mama Régine, na kwao mwenye neno juu ya binti ni mjomba. Barua ikaja kwamba mjomba atafika Jumapili na lori la samaki kutoka Kasenga, aje aniangalie kwa macho yake, aseme ndiyo au hapana. Ningekuwa na akili ningekwenda kumpokea na kinga, nifunge mzigo wake nyuma, tutembee polepole tukizungumza. Nikaamua kwenda na motokari.

“Twende babili,” Kasongo akaniambia. “Ikizimika, nani atasukuma?”

“Na mujomba atakaa wapi?”

“Miye nitakaa mu mukia.”

Nilimwangalia, ovaroli yake imejaa mafuta, nikajiangalia mimi, suruali nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili, nikamwambia haitazimika. (Mungu anisamehe, nilimwonea haya rafiki yangu.)

Basi nikafika mahali malori ya samaki yanaposhushia, injini inanguruma vizuri, watu wanageuka, nami nimekaa wima nimebana midomo. Lori likafika. Nikamtafuta mjomba, simwoni. Akashuka mwanamke mrefu, kikapu cha samaki wakavu kichwani, viatu mkononi, na uso ule ule wa Astrida, umeongezwa miaka ishirini na mitano tu. Akasema, si kwangu, akasema kwa lori:

“Ndugu yangu iko mugonjwa wa muguu. Njo nimekuya miye.”

Hapo ni lazima nieleze kidogo. Kwetu mama mkwe, mama buko, si mtu wa kuzoeana naye. Humwangalii usoni, hukai naye kiti kimoja, huli mbele yake, humwiti jina, humpazii sauti, ukikutana naye njiani unatoka pembeni, unachuchumaa, unapiga makofi polepole mpaka apite. Siku moja, baada ya ndoa na zawadi na miaka, mwiko huo hufunguliwa. Mimi nilikuwa hata sijaoa. Nikachuchumaa pale pale kwenye magamba ya samaki, nikapiga makofi, naye akajibu akiangalia kando, na salamu za heshima hazina haraka, kwa hiyo zilipoisha injini ilikuwa imezimika zamani.

Sikujali, pale walikuwepo wanaume wa kusukuma. Nilifunua kile kiti cha mkiani, mama akapanda humo na kikapu chake na mwavuli, mbali nami kama heshima inavyotaka, vijana wa samaki wakatusukuma, tukaenda. Na niseme ukweli, kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Katanga. Kila nyumba watu walitoka kuangalia. Mama alikaa nyuma mwavuli umesimama wima, hakushika popote, hata kwenye mashimo.

Tulikuwa tumekaribia Katuba, barabara tambarare, hakuna mtu hata mmoja kwa sababu wote wako misa, motokari ikakohoa mara tatu ikanyamaza. Uchafu kwenye bomba la petroli. Nililifungua, nikalivuta kwa mdomo, nikatema, nikafunga. Dakika tano. Kisha nikasimama nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikaelewa nilichokuwa nimefanya kwa kumwacha Kasongo.

Nilijaribu peke yangu, bega kwenye mlango, mkono mmoja kwenye usukani. Ilisogea hatua nne. Nikasikia sauti nyuma yangu, inaongea na mwavuli:

“Mi nashuka, nasukuma.”

Jamani! Mama buko asukume motokari ya mtu anayemtaka binti yake! Habari hiyo ingefika Kilwa kabla ya barua, na mjomba angepona mguu siku hiyo hiyo ili aje anipige. Nikasema (kwa garde-boue ya kulia, maana yeye sikuweza kumgeukia) kwamba hapana, kusukuma ni kazi yangu, lakini kama mama angependa kukaa mbele na kushika lile gurudumu dogo, ingenisaidia sana. Akakaa. Nikaweka gia mwenyewe. Nikafungua kidogo kile kishikio cha petroli kilichoko kwenye usukani ili injini isikose chakula, na kikifunguliwa hicho motokari inakwenda bila mguu wa mtu. Kisha nikaieleza garde-boue: mguu wa kushoto ukanyage chuma cha kushoto, nikipiga makofi matatu, uachie.

Breki sikumwonyesha. Ningemwonyeshaje? Ziko chini, ningepaswa kuinamisha kichwa changu kwenye magoti ya mama buko, ningekufa kwanza. Nilijiambia injini ikiamka nitaruka ndani nimalize mwenyewe.

Nikasukuma, motokari ikachanganya mwendo, nikaachia mikono ili nipige makofi. Moja, mbili, tatu. Mama akaachia mguu sawasawa, katika wote niliowafundisha kuendesha baadaye hakuna hata mmoja aliyewahi kuachia vizuri vile, injini ikaamka ikanguruma, motokari ikaruka mbele, nami nikaanguka kifudifudi na suruali yangu nyeupe.

Nilipoinua kichwa ilikuwa imekwisha fika mbali, mwavuli umefunguka mkiani peke yake. Nikakimbia. Nikapoteza kiatu kimoja nikaendelea. Mbele kanisa lilikuwa linatoka, bamama wamevaa nguo zao nzuri, bababa na kofia mkononi, walimu, makarani, patron wa kwaya, Astrida na Mama Régine wote wako pale. Askari aliyesimama kwenye kona aliona pua ile ndefu inakuja, akadhani ni Mzungu, akakaza visigino akapiga saluti, kisha akaona kitambaa cha kichwa na samaki, na mkono ukabaki juu, haujui pa kwenda.

“Muone mama! Iko naendesha yeye moya!” mtu akaita kutoka kundini.

Na aliendesha, ndugu zangu. Hakupiga kelele. Alikaa wima, mikono miwili kwenye usukani, akapita katikati ya watu wale bila kugusa hata upindo wa kitambaa, kila mtu akapata nafasi ya kukimbia upande wake. Mimi nyuma nilikuwa napaza sauti kwa nguvu zangu zote, sauti ambayo hapaziwi mama buko, na nilichokuwa naita, parokia nzima ikisikia, ni hiki: “Garde-boue! Chunga garde-boue!”

Akazunguka kiwanja cha kanisa, akakimaliza, akarudi kuelekea kwangu. Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa mkasa kama ningekuwa mtu mwingine. Motokari inapita karibu yangu, mwendo wa kinga tu, ningeruka kwenye ubavu wake nizime injini kwa kidole kimoja. Lakini niliyemwona anakuja ni mama buko, uso kwa uso, na mwili wangu haukuniuliza. Nikatoka barabarani. Nikachuchumaa, magoti yakagusa vumbi. Nikainamisha kichwa, nikapiga makofi polepole. Motokari yangu ikanipita.

Kicheko kilichotoka pale kanisani nadhani kilisikika mpaka Makomeno, mtaa mwingine kabisa. Watu walishikana wasianguke. Hata padri alirudi ndani.

Mama hakucheka. Alikuwa anatafuta kitu kwa macho. Mnajua vichuguu vyetu, vikubwa kuliko nyumba. Kimoja kilikuwa pembeni ya kiwanja, upande mmoja umelala kwa sababu watoto huteleza hapo. Akageuza pua ya motokari polepole, akaielekeza kwenye mteremko ule, ikapanda, ikapunguza, ikapanda kidogo tena, ikatetemeka, ikazimika. Gia ikaishikilia pale pale. Mama akashuka na kikapu chake. Watu wakamzunguka wanamuuliza nani alimfundisha, naye akashangaa kwamba wanauliza.

“Ndugu yangu alikuwa angali mutoto mudogo, njo miye nilikuwa nashika kafi mu bwato ya baba yetu ku Mweru. Bwato hayina kintu ya kuisimamisha. Ukipenda kusimama, unatafuta fasi ya kupandia.”

Kasongo naye alikuwa amefika, na ovaroli yake. Akazunguka motokari mara mbili, akapitisha kidole kwenye garde-boue zote nne, akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani: “Hata mukwaruzo.” Hakuna. Mimi fundi wa garaji, nilikuwa nimezigongesha ukutani mara mbili siku ya kwanza kuiendesha.

Mchana ule niliitwa kwa Mama Régine. Nilikaa nje, mgongo umeegemea ukuta, kiatu kimoja; mama alikaa ndani ya mlango, hatuonani; Mama Régine katikati, apeleke maneno huku na kule. Astrida nilisikia tu anavuta pumzi nyuma ya pazia. Nilijua kabisa jibu. Nani angempa binti yake mtu aliyemweka kwenye chuma kinachokimbia, asimwonyeshe pa kukisimamisha?

Mama Régine akatoka. “Mama anauliza, wakati ulikuwa nakimbia, ulikuwa naita nini?”

Ningeweza kusema niliita mama. Kelele zilikuwa nyingi, nani angeapa? Midomo ilikuwa imeshafunguka niseme hivyo, kisha nikaona aibu nyingine juu ya aibu niliyokuwa nayo, na nilikuwa nimechoka.

“Garde-boue, mama. Nilikuwa naita garde-boue.”

Mama Régine hata hakwenda kulipeleka neno, lilikuwa limefika lenyewe. Halafu mama akasema kwa sauti yake, wazi, kama anaongea na mlango:

“Nilisikia. Kinywa yake ilikuwa naita chuma. Lakini wakati nilipita, aliweza kuruka juu akamate kintu yake, na alipiga magoti. Mi napana mutoto wangu kwa ile magoti. Kinywa, Astrida ataitengeneza yeye mwenyewe.”

Nyuma ya pazia mtu akacheka na kulia pamoja. Mimi niliuficha uso wangu ukutani.

Katuba waliniita Garde-boue tangu siku ile, na nimeitikia miaka yote. Jumatatu nilikwenda kwa Kasongo, nikamwambia kwa nini kweli nilimwacha nyuma, akaniambia alijua, akanipa ufunguo wa nati niendelee kukaza. Na nimejiapiza mambo mawili. La kwanza, simpi mtu usukani kabla ya kumwonyesha breki, awe malkia, hata ikibidi niiname kwenye magoti yake. La pili sijawahi kulisema mbele ya watu mpaka leo: siku yoyote kitu changu kikinikimbia na mtu yumo ndani, nitamwita mtu kwanza.