Jogoo Aliyewika Chini ya Kilima

Juu ya malisho ya ng'ombe ya Kirolirwe kuna kilima ambacho jogoo aliwika ndani yake. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa bado msichana wa shule ya msingi, likizo iliponikuta kwa bibi yangu mzaa mama. Tulikuwa tunapalilia viazi, jua limesimama utosini, mara akawika chini ya ardhi, sauti kama ya jogoo aliyefungiwa ndani ya mtungi. Niliacha jembe. Bibi hakuinua hata kichwa.

"Wenyewe wameamuka," alisema.

"Wenyewe nani, Bibi?"

Akanieleza huku akiendelea kulima. Chini ya kilima kulikuwa na kijiji. Watu wake walikuwa wafupi, wakimfikia mtu mzima gotini, na nywele zao zilikuwa yale majani laini yanayoota juu ya mawe yenye unyevu. Nyumba zao ziliezekwa kwa manyoya ya ndege. Walikuwa na jua lao dogo, la kiasi cha sufuria, wakilitundika asubuhi na kulianua jioni. Hawakuwa na ubaya na mtu. Ila ukila chakula chao hutarudi tena juu, unabaki huko kuchunga kuku wao.

"Na kama unabisha," alisema, "angalia moshi."

Kweli, siku nyingine, mchana, uzi wa moshi ulipanda kati ya mawe, na ulinukia nyama ya kuchoma. Hakuna aliyesogea karibu. Wachungaji waliwapitisha ng'ombe mbali. Babu yangu, ambaye hakuogopa hata fahali mwenye hasira, alikuwa akivua kofia kila alipopita pale.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kuona. Siku moja bibi aliaga kwamba anaenda kumtazama mgonjwa. Haukupita muda, moshi ukaanza. Nilipanda kilima kwa kuifuata ile harufu, nikapenya kwenye nyasi ndefu, nikafika nyuma ya jiwe kubwa. Hapo palikuwa na mdomo wa pango. Niliinama nikachungulia.

Ndani hamkuwa na mtu mfupi hata mmoja. Alikuwamo bibi, amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, miguu ameinyoosha. Walikuwamo mama mkunga wa kijiji na wanawake wengine wa kilimani, nusu yao waimbaji wa kwaya ya kanisa, vitambaa vya kichwa wamevivua. Kulikuwa na kuku kwenye tenga, na jogoo mwekundu amefungwa mguu. Bidoni la kasiksi, ile pombe ya ndizi, lilikuwa linazunguka. Walicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Na mkononi bibi alishika kijiti alichotungia firigisi za kuku, zinatoa mafuta.

Kwetu firigisi ni ya baba. Mwanamke anaweza kumfuga kuku, kumlisha na kumpika, lakini kile kipande kigumu kinawekwa kwenye sahani ya mume. Mume akikikosa, familia mbili zinaitwa kuketi. Ndiyo maana nilisimama pale nimeachama.

Bibi aliniona. Hakushtuka.

"Ingia ao toka," alisema. "Usisimame hapo kama polisi wa barriere ya barabarani."

Niliingia. Alichomoa firigisi moja akanipa.

"Bibi, ulisema nikila sitarudi."

"Utarudi. Ila hautarudi na mudomo."

Nilikula. Jioni ile babu alitafuna ya kwake taratibu, akafuta vidole, akasema wanawake wamekosa kitu kitamu sana duniani. "Njo vile, Papa," bibi alimkubalia kwa upole, akamwongezea mchuzi. Mimi nilijifanya nimepaliwa na ugali.

Mambo yangeendelea hivyo kama asingeletwa katekista mpya kutoka Masisi. Alikuwa kijana mwenye bidii, na simu yake ilikuwa na tochi kali. Aliposikia habari za kijiji cha chini, alitangaza kanisani kwamba Jumapili hiyohiyo, baada ya misa, Wakristo wote watapanda kilimani kuwafukuza wale watu kwa sala. Waimbaji walitazamana. Bibi akasimama.

"Papa katekista, njia ya kule mimi njo ninaijua. Nitatangulia."

Tulipanda tukiimba. Wanawake wa pangoni ndio walioimba kwa nguvu kuliko wote. Karibu na kileleni njia iligawanyika. Pango letu lilikuwa kushoto. Bibi, bila hata kupunguza mwendo, akakata kulia, akatufikisha kwenye shimo lingine, jeusi, ambalo kila mwanamke aliyetafuta kuni alijua linakaliwa na popo.

Katekista aliingia na msalaba mkono mmoja, simu mkono mwingine, akiwaamuru watoke. Wakatoka. Walitoka kama vumbi la mkaa linalomwagwa, na yeye akatoka katikati yao. Msalaba ulibaki ndani. Wakristo walitawanyika ndani ya mashamba ya viazi. Bibi hakukimbia. Aliketi juu ya jiwe, uso ameufunika kwa kitenge, mabega yanatikisika. Waliokuwa mbali walidhani analia.

Jumapili iliyofuata katekista alishuhudia mbele ya wote kwamba amewaona, na kwamba wana mabawa.

"Mabawa," bibi alinung'unika tukirudi nyumbani. "Mimi sikuwapa mabawa."

Siku chache baadaye mke wa katekista alikuja jikoni kwetu. Alikuwa mwanamke mnyamavu, mgeni pale kijijini. Alikaa, akamtazama bibi akimenya viazi.

"Mama," alisema, "siku ile, pale njia iligawanyika, upepo ulitokea kushoto. Ulinuka kuku."

"Upepo unanukaka vitu mingi."

Akafungua pembe ya kitenge chake. "Nimeleta chumvi. Na pilipili."

Bibi aliweka kisu chini. "Bwana yako anajua uko wapi?"

"Anajua niko kwako. Nilimwambia tunasali."

"Basi twende tusali."

Pangoni alipewa firigisi kubwa kuliko zote, kama mgeni. Alitafuna. Tukangoja. Akatafuna tena, akahamishia shavu la pili. Mwisho akameza kwa shida, akauliza, "Hii njo wanatunyimaka tangu zamani?"

"Njo hii," bibi alisema.

"Iko nguvu kama kiatu."

Nilidhani atafukuzwa. Kisha mama mkunga akatazama kijiti chake, akakohoa, akasema kwamba yeye, kusema kweli, moyo wake siku zote uko kwenye paja. Mwimbaji mmoja akasema yeye ni bawa. Mwingine akakiri kwamba za kwake huwa anazitema nje, nyuma ya jiwe. Wote walikuwa wakizitafuna tu kwa sababu zilikuwa za baba.

"Mimi ninazipenda," bibi alisema. Akapitisha kopo lake, wakamtilia firigisi zote, na mke wa katekista akaanza kugawa mapaja.