Siku Niliyomtambulisha Mshambuliaji Wetu

Sisi watu wa Kibugu, huku Embu, hatuwezi kumpa mgeni chakula kabla hatujajua ni nani, na yeye hajajua sisi ni kina nani. Hata kama njaa inamuuma na mukimo wa viazi na mahindi unapoa, lazima kila mtu asimame, aseme jina lake, aseme ametoka wapi, na kama ameokoka aseme hivyo pia. Ndipo tunaomba, ndipo tunanawa, ndipo tunakula. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka mwaka ule timu yetu ilipokaribia kupanda daraja. Siku hizi nikisikia mtu anasema "tujitambulishe kwa ufupi", natafuta mlango.

Nilikuwa katibu wa timu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na sijawahi kupiga mpira hata siku moja. Walinichagua kwa sababu naandika barua vizuri na sioni haya kumpigia mtu simu mara kumi. Wacha niseme ukweli: timu ndogo haiendeshwi na kocha, inaendeshwa na katibu. Wale wanaotazama ligi kuu kwenye runinga hawajui kwamba chini yake kuna ligi, na chini ya hiyo kuna nyingine, mpaka huku chini kabisa tuliko sisi. Kila daraja limekatwakatwa kwa kanda, na kila mwisho wa msimu timu moja tu kwa kanda ndiyo inapanda. Kanda yetu ilikuwa Embu na Meru pamoja. Aliyeikata nadhani aliikata kwa rula, maana kwenye karatasi tuko karibu, lakini kutoka kwetu hadi Meru unauzunguka mlima karibu nusu siku.

Ratiba ilikuwa inaletwa kwa wotsapu Ijumaa jioni: kesho kutwa mko ugenini. Ukiwa nyumbani, ni wewe wa kutafuta neti, mipira, polisi na ambulensi. Ambulensi isipofika, wageni wanapewa pointi tatu na kurudi kwao bila kutoa jasho. Tumewahi kuzipata hivyo tukiwa tumekaa kwenye nyasi tunatafuna miwa, na tumewahi kuzipoteza hivyo hivyo kwa sababu ambulensi ya kituo cha afya ilikuwa imeenda kuchukua mama mjamzito. Utamlaumu nani? Nilikuwa nalia njiani nikienda nyumbani, asubuhi naamka naanza tena kupiga simu.

Mshambuliaji wetu nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa mtoto mkimya, mwembamba, na siku moja alivunja dirisha la ofisi kwa mpira wa makaratasi aliokuwa ameufunga jiwe ndani ili uwe mzito. Nilipouliza nani amevunja, akasema hajui. Sikumchapa. Nilimsimamisha mbele ya gwaride la shule nzima, nikamwambia hatutaingia darasani mpaka aseme. Tulisimama kwenye umande mpaka midomo ya watoto ikawa ya bluu. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi, Mwalimu," nikamwambia mbele ya wote kwamba anayesema ukweli hata Mungu humtetea. Mimi huyo, na kinywa changu.

Alipofika miaka ishirini na moja, timu moja ya Kinoru, huko Meru, daraja moja juu yetu, ilimchukua. Alikaa misimu miwili, zaidi kwenye benchi. Kisha ile timu ikafa katikati ya msimu, kama zinavyokufa timu nyingi za huku: wachezaji wamefika mazoezini wakakuta ofisi imefungwa na jezi hazipo. Akarudi nyumbani. Asubuhi alichuma majani chai na mama yake, jioni akashuka uwanjani. Huo uwanja wetu umeinama mpaka goli moja liko juu ya lingine, na yeye alikuwa anafunga kote kote, akipanda na akishuka. Alikuwa na miaka ishirini na tano. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, tukipanda mwaka huu, huko juu kuna watu wenye macho wanaokuja kutazama. Hapa tunatazamwa na mbuzi." Nilicheka, lakini nilimwelewa. Mchezaji hana miaka mingi, na yake ilikuwa inaenda.

Shida ilikuwa karatasi. Kwenye daftari la ile timu ya Kinoru iliyokufa alikuwa bado mchezaji wao. Ili acheze kwetu, ilitakiwa barua ya kumwachilia, imetiwa sahihi na katibu wao. Nikapiga simu: mteja hapatikani. Nikaenda Kinoru mara mbili. Pale palipokuwa na ofisi nilikuta mama anasuka nywele, na hakuwa amesikia habari za timu yoyote. Marehemu angeweza kutia sahihi upesi kuliko yule katibu. Nilipomweleza ofisa wa kanda yetu, aliniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, mwandikishe tu. Barua utaleta baadaye. Mradi hakuna aliyelalamika, hakuna neno."

Nikamwandikisha. Kadi ikatoka, ina picha yake amekunja uso kwa sababu ya jua. Na msinitazame hivyo. Kila timu katika kanda ile ilikuwa na mchezaji wa namna hiyo. Mwenye kutaka kukata rufaa lazima aandike mchezaji alikuwa timu gani na msimu gani, la sivyo rufaa inatupwa. Kwa hiyo kila mtu alifunga mdomo, na mdomo ukifungwa ligi inaendelea. Hayo niliyajua vizuri. Nilikuwa katibu.

Mechi ya mwisho ya msimu tulikuwa nyumbani na timu ya kutoka upande wa Meru. Wao walikuwa juu yetu kwa pointi mbili, kwa hiyo sare iliwatosha. Sisi tulihitaji kushinda tu. Nilimwambia dereva wa ambulensi kwamba siku hiyo mama mjamzito abebwe na mimi mwenyewe mgongoni, yeye asitoke. Ukungu ulishuka mpaka refa akafikiria kuahirisha, kisha ukainuka. Watu walijaa mpaka kwenye majani chai. Dakika za mwisho, kijana wangu akaupokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, akageuka mara moja na kupiga. Sikuona ukiingia. Niliona tu kina mama wa kanisa wameacha masufuria na kukimbilia uwanjani, mwiko mkononi. Tukashinda moja bila. Nilimkumbatia polisi ambaye simjui mpaka leo.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Timu nyingine zikishinda namna hiyo, wageni wanapewa soda mlangoni, kwaheri ya kuonana. Sisi hapana. Wametoka mbali, watu wa Mungu, wameshindwa, watarudije na njaa? Tukawaingiza darasani kwangu, madawati yamepangwa, mukimo, maharagwe ya njahi, chapati, chai ya maziwa. Na kabla ya kula, bila shaka, utambulisho. Mimi ndiye nilisimamia, furaha imenijaa hadi kooni. Wageni wakaanza. Katibu wao alikuwa mzee wa kanisa, ana koti la kijivu na sauti nzuri ya kuongoza nyimbo. Akashukuru kwa mapokezi, akasema ameshindwa kwa haki na hana kinyongo. Makofi.

Zamu yetu ikafika. Mshambuliaji alisimama, akataja jina lake, akasema amefurahi kuwaona, akakaa. Basi! Maneno matano. Na mimi nikaona hayo hayamtoshi. Nikasimama tena, nikamshika bega, nikasema: "Huyu msimwone mkimya. Huyu amecheza Kinoru, misimu miwili, na ile timu ya daraja la juu. Ilipovunjika mwaka juzi akasema hapana, narudi nyumbani kuinua watu wangu." Watu wakashangilia. Yule mzee akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaniuliza, "Ni ile timu ya jezi za kijani, Mwalimu?" Nikajibu, "Hiyo hiyo." Nikaona ametoa kijitabu mfukoni akaandika kitu. Nilidhani anaandika namba ya simu. Kisha tukamwomba atuombee chakula, na akaomba vizuri sana, akatubariki sisi na watoto wetu.

Jumatatu, saa nne, niko darasani, rufaa ikaingia kwa simu. Jina la mchezaji, jina la timu ya zamani, msimu. Kila kitu kilikuwa sahihi, kwa sababu nilikitamka mimi. Nilitoka nje nikampigia yule mzee.

"Baba, si ulikula chakula changu?"

"Nilikula, Mwalimu, na kilikuwa kitamu."

"Na ukaniombea!"

"Na bado nakuombea. Lakini nisamehe, sheria ni sheria. Vijana wangu pia wana mama zao."

Nilimwambia asante ya punda ni mateke. Akakata simu polepole, kama mtu mwenye adabu.

Kamati ilikaa Embu mjini, kwenye ukumbi uliokodiwa, watu watano nyuma ya meza. Ofisa wetu wa kanda alikuwa mmoja wao. Yule aliyeniambia barua utaleta baadaye! Alikuwa anapekua karatasi kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. Nilimtazama mpaka shingo ikaniuma, na hakuinua macho.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, je, ulisema mbele ya wageni kwamba mchezaji huyu alisajiliwa na timu ya Kinoru?"

Kijana alikuwa amekaa kando yangu, amevaa shati la kanisani. Nilifikiria mlima ule tuliouzunguka msimu mzima, nikafikiria miaka yake. Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Mwenyekiti akaandika. Bila shahidi asiye wa timu yao, ilikuwa neno lao dhidi ya neno langu, na timu ya Kinoru haikuwa na hata mtu mmoja wa kutoa daftari. Ningeshinda. Haki ya Mungu, ningeshinda. Kisha mwenyekiti, kwa mazoea tu, akamgeukia kijana: "Na wewe una la kusema?"

Alisimama. Mikono ameiweka nyuma, vile vile alivyosimama mbele ya gwaride akiwa darasa la nne. Akanitazama kwanza, na nikamkonyeza, mimi mwalimu wa Sunday school, nikamkonyeza anyamaze. Akasema, "Mwalimu alisema. Na ni ukweli, nilikuwa Kinoru."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu nzuri. Pointi tatu zikachukuliwa, wageni wakapanda daraja, na yeye akafungiwa msimu mzima kwa kusajiliwa mara mbili. Mimi nikapewa onyo kwa maandishi. Ofisa wa kanda hakupewa chochote, na nilipompita mlangoni akaniambia pole. Njiani kurudi kijana hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kufungiwa kunaanza kuhesabiwa leo au msimu ukianza. Nikamwambia msimu ukianza. Akasema sawa.

Ningefurahi angenitukana. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia kuomba msamaha. Nilienda kwao na sukari na unga, mama yake akanipokea vizuri, tukanywa chai, na nikashindwa kusema. Mpaka leo sijasema.

Msimu uliofuata niliapa hakuna utambulisho tena. Wageni watakula, watanawa, wataenda. Kina mama walinitazama kama nimepotoka kiimani, lakini wakakubali. Katika mechi ya kwanza nyumbani tulicheza na timu mpya kwenye ligi, ya Embu, kutoka Kanja, tukatoka sare. Wageni wakaingia darasani kwangu, wakakaa kwenye madawati bila kujua sisi ni kina nani, wakila kwa aibu. Kijana alikuwa hapo. Hakuruhusiwa kuvaa jezi, lakini hakukosa mechi hata moja. Alikuwa ameshika jagi la maji ya moto na beseni, ananawisha wageni mmoja mmoja, taulo begani.

Kocha wao, mtu mnene mwenye kicheko, alinyoosha mikono akamtazama kutoka juu hadi chini. "Kijana, na wewe huchezi? Miguu hii ni ya mpira. Wewe ni nani?"

Nilikuwa nimeshika sahani, hatua mbili tu kutoka kwao. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nilitaka kumwambia kila kitu: jina lake, Kinoru, lile goli kwenye ukungu, na kwamba ni mimi. Kijana aliniona. Akanikonyeza ninyamaze, vile vile nilivyomkonyeza mimi Embu. Safari hii aliyepewa ishara alitii.

"Mimi ni wa maji tu," akasema, akaendelea kumimina.