Rangi ya Kuwapokea Wageni

Niliondoka Dodoma kwa sababu mabango yalikuwa yamejaa ofisini mpaka hatuna pa kuweka miguu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, madukani kumeingia kila kitu, rangi za makopo yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma zikiwemo. Wafadhili nao waliingia, wakatuletea mabango ya kuonya juu ya risasi, madini yanayotiwa kwenye rangi, betri na petroli, ambayo yakiingia mwilini mwa mtoto huharibu damu na ubongo. Mkuu wangu akaniambia niyapeleke vijijini. Mimi ni afisa afya, nilikuwa nimehudhuria semina ya siku mbili, na nilijiona mtaalamu. Niliiandikia shule moja mbele ya Kolo, ambayo sitaitaja jina, nikaomba mazingira yaandaliwe vizuri kwa ugeni huo.

Saa kumi na mbili asubuhi tulishika barabara ya Kondoa, mimi na dereva wa ofisi, Ndahani. Haneti tulisimama kuongeza mafuta. Ndahani alitumbukiza mpira kwenye pipa nyuma ya gari, akavuta petroli kwa mdomo, akatema, akajifuta kwa mkono. Nikamwambia petroli hiyo ina risasi.

"Bosi, miaka kumi na minne navuta," alisema. "Wewe unataka tufike au hutaki?"

Nilitaka tufike. Tulikuwa tumebeba mabango mawili ya aina moja kwa kila kijiji njiani, na hatukubeba hata pampu ndogo ya mkono.

Saa sita tulipita Kolo, mahali watu wanapotoka mbali kuja kutazama michoro ya kale miambani. Rangi ile imekaa pale miaka isiyohesabika na sijasikia kwamba imemdhuru mtu. Nilipanga kuitia sentensi hiyo kwenye hotuba yangu, nikaipenda sana.

Saa saba kasoro tulifika shuleni, na kilichotupokea kwanza ni harufu. Milango, madirisha na nusu ya chini ya kuta vilikuwa vinang'aa kijani kibichi. Wanafunzi walijipanga mistari miwili wakapaza sauti, "Shikamooni wageni!" Nywele zao zilikuwa zimeingia vumbi la samawati. Mwalimu Issa, mwalimu mkuu, alinishika mkono bila kuuachia.

"Barua yenu tuliifanyia kazi, Bwana Afya. Siku tatu hizi hatukusoma. Watoto wamekwangua rangi yote ya zamani kwa msasa na vipande vya chupa, ndipo tukapaka mpya. Hata wadogo wasiosoma walikuja kusaidia."

Rangi ya zamani ilikuwa imelala chini ya kuta kama pumba mashineni. Juu ya pumba hizo walikuwa wamekaa watoto wadogo na vikombe vyao vya uji. Kibinti cha miaka kama minne kiliokota gamba la rangi, kikalitia mdomoni, kikatafuna.

"Rehema, tema!" alisema Mwalimu kwa upole. "Huyu wa kwangu. Anasema ni tamu."

Ilikuwa tamu kweli. Semina ilitufundisha hivyo. Risala ikasomwa, tukasifiwa kwa kuwajali watoto. Nikasimama na bango langu. Picha ya kwanza ilionyesha mtoto anayekula rangi iliyobanduka, amepigwa alama kubwa ya X. Wanafunzi walipiga makofi, na kila kofi lilitoa vumbi. Nililishusha bango. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya watu.

"Mwalimu," nilisema, "sumu tuliyokuja kuwaonya ndiyo hii iliyo chini. Ilikuwa ukutani imetulia. Barua yangu ndiyo iliyoishusha."

Mwalimu Issa alitazama kuta zake mpya. "Kwa hiyo tumewakusanya watoto wa watu tukawalisha?"

Hakunitukana. Ningefarijika kama angenitukana.

Mchana wote tulifanya kazi ambayo haimo kwenye bango lolote. Uji ulimwagwa, watoto wakanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, wakaambiwa wafue nguo na waoshe nywele wakifika nyumbani. Fagio nilizizuia, kwa kuwa vumbi lingeruka. Watu wazima tulinyunyiza maji, tukazoa kwa koleo, tukafukia mbali na kisima, kisha tukapiga deki kwa matambara mabichi mara mbili. Ndahani alizoa kuliko mimi.

Jioni, nyumbani kwa Mwalimu, niliona kitanda cha Rehema. Kilipakwa rangi iliyobaki shuleni zamani, ile ya samawati, na ubao wa kichwani ulikuwa umeguguniwa hadi mbao ikaonekana. Mama yake, Bi Zaituni, alisema mtoto analalamika tumbo tangu mavuno yaliyopita, choo hapati, na dawa ya minyoo ameshakunywa mara tatu. Nilivuta kope ya Rehema. Ndani palikuwa peupe, dalili ya upungufu wa damu.

Kesho yake asubuhi tulirudi Dodoma tukiwa na Rehema na mama yake, kumpeleka hospitali. Sikujua kama kipimo kingepatikana huko au damu ingepelekwa Dar es Salaam. Mwalimu alibaki kukitoa kitanda.

Kabla ya Chemba mbuzi walikata barabara, Ndahani akasimama. Bi Zaituni alimpakata mwanawe dirishani. "Hesabu, mama."

"Moja. Mbili. Tatu." Rehema akanyamaza. Mbuzi waliendelea kupita.

"Mwaka jana alikuwa anafika kumi," Bi Zaituni alisema, kisha akanigeukia. "Bwana Afya, nisipomwachia tena kula rangi, hesabu hizo zilizopotea zitarudi?"

Kwenye mabango yetu tumeandika kwa herufi kubwa kwamba sumu hii inazuilika, na ni kweli, inazuilika kabla haijaingia. Niliyajua yote ya kabla. Nilimwambia Bi Zaituni kwamba sijui, naye akamgeuza mtoto uso dirishani, akaanza kumhesabia upya kutoka moja.