Mkono Ambao Mama Kalunde Alikataa Kuushika

Hospitali hiyo ndogo upande wa Tawa ilikuwa na mtu mmoja tu wa nusukaputi, Kimeu. Akienda arusi, upasuaji unangoja. Akifiwa, unangoja pia. Kwa hivyo mama mkwe wake, Mama Kalunde, alipoletwa kutoka Kilungu utumbo umejisokota, hakukuwa na mwingine wa kuitwa.

Kwa Wakamba wa umri wa mama huyo, mkwe huheshimiwa kwa umbali. Kimeu alikuwa amemwoa Ndinda, binti ya mama huyo, kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwa amewahi kumsalimia mama kwa mkono. Akifika kwao, mama anaingia jikoni. Mazungumzo yanapitia watoto.

"Nani atanilaza?" mama alimuuliza Kasiva, nesi.

"Kimeu."

"Atakaa wapi?"

"Nyuma ya kichwa chako."

"Hapo sawa."

Shida ilikuwa figo. Mama alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Dawa ya kulegeza misuli isiyotegemea figo ilikuwa imeisha, ikabaki ile inayokawia mwilini figo zikilala. Dawa ya kurudisha nguvu ilikuwapo, lakini nayo ukiizidisha inalegeza tena, na moyo unaenda polepole. Kimashine cha kupima misuli kilikufa mwaka jana. Basi ilibaki njia ya zamani: mgonjwa akishika mkono kwa nguvu, na akiinua kichwa hadi uhesabu tano, unamtoa mpira wa kupumulia. Ukiutoa kabla, anaacha kupumua ukimwangalia.

Upasuaji ulienda vizuri. Kimeu akadunga dawa ya kurudisha nguvu, akangoja, kisha akazunguka mbele. Mama akafungua macho, akamwona, akayafunga.

"Mama, shika mkono wangu."

Mkono ulilala tu kama sukuma wiki iliyochumwa jana.

Dakika kumi. "Shika, mama." Hakuna kitu.

"Misuli haijarudi," alisema Daktari Mukami, aliyempasua. Alikuwa amekuja kutoka Nyeri miezi miwili tu iliyopita. "Ongeza dawa. Ama apelekwe hospitali kubwa na mpira wake."

"Ambulensi iko gereji, daktari."

"Basi ongeza."

Kimeu akavuta dawa kwenye sindano. Alipokuwa akitoa hewa, akaona shuka linapanda. Mama alikuwa amelikamata kwa vidole vyote, analivuta kwa nguvu kufunika uso.

Kimeu akaweka sindano chini. "Kasiva, mshike wewe." Yeye akageukia ukuta.

"Mama, nishike hapa... Uuuwi! Mama, hicho ni kidole, si mchi!"

"Na kichwa?"

"Ameinua. Tatu, nne, tano, sita... hata hakishushi."

"Huu ni ugonjwa gani?" Daktari Mukami aliuliza.

"Ni heshima," Kasiva akasema, akipulizia vidole.

Kimeu alitoa mpira akiwa nyuma ya kichwa. Mama akakohoa, akavuta pumzi, akavuta nyingine.

Lakini kwa mtu wa figo ile dawa ya kulegeza misuli inaweza kumshika upya baadaye, kwa hivyo alimlinda saa tatu, amesimama nje ya dirisha la wodi, akihesabu kifua kikipanda na kushuka. Aliingia mara moja tu kuangalia dripu. Mama akabana pumzi mpaka Kimeu akatoka.

Kwenye faili aliandika: anapumua vizuri, mkwe akiwa nje.