Wageni Wasioketi

Neno lililotuponza ni wageni. Yule mtembezaji angesema watalii tangu siku ya kwanza, kuku wa mama wangekuwa hai.

Kwetu ni ukingoni mwa msitu wa Kakamega. Njia ya mkato ya kwenda kuona mbega ilipita katikati ya boma letu, kati ya jikoni na bafu letu la majani ya migomba. Miaka ile ya tisini Wazungu walikuwa wakija kutazama ndege, na jirani yetu mmoja akanunua kofia pana, akawa mtembezaji. Alimwambia mama kwa adabu zote, "Mama, kesho nitapitisha wageni hapa."

Kwa mama, mgeni ni mtu anayeketi na kula. Alichinja kuku. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, kichwa kimejaa ndoto za kuvaa kofia kama ile. Nilifagia uwanja nikiimba, nikanyunyiza maji, nikapanga viti vyote, hata kile kibovu.

Walikuja wanne. Walipiga picha moshi wa jikoni, wakampiga picha mama ameinama akisonga obusuma, ugali wetu, wakapita zao.

"Hao hawakulangi vitu vya huku, mama," mtembezaji alisema, akaketi yeye. Akala mpaka firigisi, ambayo kwetu huwekewa mgeni wa heshima.

Mama hakukasirika. "Wale walikuwa na haraka," aliniambia. "Wengine wataketi." Akachinja wa pili, kisha wa tatu. Mtembezaji alijua wazi kwamba hawataketi. Kila mara alisema wageni, na kila mara alifika na njaa. Nikikumbuka taya zile zikitafuna, hata chai hainishuki.

Baadaye akaanza kutoa amri. Nguo tusianike, eti rangi zinatisha ndege. Redio tuzime. Mtoto wa dada akilia apelekwe kule nyuma. Tukawa watu wa kunong'ona kwetu wenyewe.

Asubuhi moja mama alitoka bafuni na leso kifuani, sabuni bado shingoni. Mzungu mmoja akainua kamera. Mama akasimama kama mtu aliyeingia boma la wenyewe kwa makosa, akasema polepole, "Samahani." Yeye ndiye aliyeomba samahani! Hamu yangu ya ile kofia iliishia hapo.

Nilibeba viti, nikaziba njia navyo.

"Sogeza hivyo, dada, wageni wapite," mtembezaji akasema.

"Ni wageni?"

"Kwani wewe unaona nini?"

"Basi waketi, mama avae aje awasalimie. Kama ni wapita njia, barabara iko kule chini."

"Wewe utaniharibia kazi."

"Na firigisi pia utaikosa."

Aliwageuza, midomo imemvimba. Lakini bibi mmoja wa Kizungu, mwenye fimbo, alikitazama kiti, akanitazama mimi, akaketi. Kwa bahati mbaya alichagua kile kibovu, nikakishikilia kisimwangushe.

Mama akatoka na gauni lake la kanisani. Kumwona mtu ameketi, uso wote ukamng'aa, akaelekea moja kwa moja kwenye banda la kuku. Kuku walibaki wawili tu.

"Mama, huyu chai inamtosha," nikasema, kwa ukali ambao yule bibi hakustahili.