Jina la Elimringi Gazetini

Mwaka wa tisini na tano, nchi ilipoingia kwenye uchaguzi wa vyama vingi, Elinipendo alikuwa mwandishi wa habari mjini Moshi. Gazeti lake lilichapishwa Dar es Salaam, na kila habari aliyotuma ilitoka kwa jina lake na la baba yake: Elinipendo Elimringi. Mzee Elimringi, mkulima wa kahawa kule Masama, alikuwa na kadi ya chama cha upinzani, mageuzi. Gazeti la binti yake lilipendelea chama tawala. Baba na mwana hawakuligombania jambo hilo. Mzee alisema kazi ni kazi, mradi husemi uongo.

Siasa zilikuwa zimewaingia watu mpaka mifupani. Ndugu walisusiana misiba kwa ajili ya kadi. Hata magazeti yaligawana watu, kila mmoja akinunua lile lililomwambia alichokwisha kukiamini.

Kisha ukaja mkutano wa Himo. Chama tawala kilijengewa jukwaa la mbao mbichi, wakapanda watu wengi kuliko lilivyoweza kubeba, likaporomoka. Boriti ikamwangukia Veronika, muuza ndizi aliyekuwa amekaa karibu, ikamvunja paja. Vijana wa mageuzi walifika baadaye, wakazomea. Elinipendo aliyaona hayo kwa macho yake, na ndivyo alivyowasomea kwa simu wenzake wa chumba cha habari.

Kesho yake gazeti likaandika: VIJANA WA MAGEUZI WABOMOA JUKWAA, MAMA AVUNJWA MGUU. Chini yake, jina lake.

Siku hiyohiyo polisi walimkamata Shedrack, fundi wa kuchomelea vyuma pale Himo, mtoto wa Doris, jirani yao wa Masama. Alikuwa mmoja wa waliozomea.

Elinipendo alimpigia mhariri simu.

“Dada, tumetia chumvi kidogo tu,” mhariri alisema. “Huu ni wakati wa uchaguzi.”

“Mmemtia mtu ndani.”

“Gazeti la wenzenu wa mageuzi litamtoa.” Akakata simu.

Jumamosi alipanda Masama. Baba yake alikuwa amekaa nje, gazeti magotini.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Mzee aliweka kidole chini ya kichwa cha habari. “Hili jina la pili ni langu, mwanangu. Limemfunga mtoto wa Doris.”

“Sikuandika hivyo, baba.”

“Nakuamini. Doris ataaminije?”

Mzee akaingia mgombani, akarudi na jani la sale, lile ambalo Mchagga akiletewa na mwenye kuomba radhi hawezi kulikataa. Elinipendo alilichukua kwa mikono miwili akaenda. Doris alilipokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

“Nimelipokea kwa sababu ni sale,” alisema. “Lakini mwanangu bado yuko mahabusu.”

Toka hapo Elinipendo akaenda hospitali kumwona Veronika. Alimkuta mguu umening'inizwa, uso umepauka.

“Magazeti mawili yameniandika,” Veronika alisema. “Moja linasema nimevunjwa na vijana, jingine linasema nimelipwa nijilaze chini. Wewe ndiye wa kwanza kuja kuniuliza.”

Kesi ya Shedrack iliposikilizwa, uchaguzi ulikuwa umekwisha. Elinipendo alijitolea kuwa shahidi wa utetezi.

“Habari hii ni yako?” mwendesha mashtaka aliuliza.

“Jina ni langu. Maneno si yangu.”

“Baba yako ni wa chama gani?”

Alijua jibu lingepunguza uzito wa ushahidi wake. “Ana kadi ya mageuzi,” alisema. “Na jukwaa lilianguka kabla vijana hawajafika.”

Veronika naye, kwa magongo, akasema hivyohivyo. Shedrack akaachiwa. Wiki hiyohiyo Elinipendo akafukuzwa kazi.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, watu walimzunguka nje ya kanisa wakimshika mikono. Mwenyekiti wa mageuzi wa kata alifungua gazeti la upande wao akasoma kwa sauti: “Mwandishi akiri kulipwa na serikali apike habari.” Watu wakapiga vigelegele.

Ingekuwa rahisi kwa Elinipendo kunyamaza. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa kwao tena.

“Sikusema hivyo,” alisema. “Hakuna aliyenilipa. Na hao wa gazeti lenu nao hawakuniuliza.”

“Lakini linatusaidia!” mwenyekiti alimaka.

“Lile la kwanza nalo liliwasaidia wenzenu.”

Vigelegele vikakatika. Mikono iliyomshika ikaachia mmoja mmoja, na watu wakaondoka kwa makundi wakinong'ona. Mzee Elimringi peke yake ndiye aliyebaki. Walishuka njia ya nyumbani, mzee akikohoa kwa baridi.

Hakuna gazeti lililosahihisha habari yake. Elinipendo alifungua duka la mbegu na dawa za kahawa Bomang'ombe, na hakuandika tena. Wengine walimwita msaliti wa chama tawala, wengine msaliti wa mlima, wa Wachagga wenzake. Shedrack alihamia Arusha. Kazi ya Himo haikumrudia.

Mzee Elimringi alipofariki, miaka minne baadaye, waliokuja msibani walikuwa wachache kuliko stahili yake. Wakati wa mazishi Doris aliingia na mkungu wa ndizi kichwani, akautua jikoni. Kisha akaja kukaa kwenye mkeka, bega lake likigusa bega la Elinipendo, akakaa hapo mpaka kaburi lilipofukiwa.