Chumba cha Baridi cha Idrisa

Watu wa mtaa wetu wanamcheka Idrisa siku hizi. Mimi sicheki. Nauza taa na nyaya mkabala na lile duka alilomalizia mtaji wake, nalitazama kutwa nzima, na linaniuma.

Idrisa ni fundi friji, mtoto wa Ilala, mpole, ila akishika jambo hashauriki. Mwaka juzi alianzisha kampuni ya watu wawili, yeye na mkewe Sitara. Biashara yenyewe ilikuwa hivi: una friji au chumba cha baridi kinachokula umeme, hulipi kitu. Idrisa anakukarabatia kwa gharama zake, halafu kile unachookoa kwenye umeme mnagawana nusu kwa nusu, miaka mitatu. Baada ya hapo vyote vyako.

Nilimwambia, "Kaka, Kariakoo hii mtu analipia anachokishika. Utamuuzia vipi umeme ambao hajautumia?"

"Atauona kwenye mita yake ya LUKU, dada Rachel," akanijibu, anatabasamu.

Sitara aliuza cherehani zake zote mbili ili mtaji upatikane, akawaaga wateja wake wa magauni. Kampuni ikifa, hawana pa kurudi. Alilijua hilo, akauza tu.

Mteja wao alikuwa Mektilda, anayeuza kuku wa kugandisha kwa jumla; wakati huo ndiye aliyepanga duka lile. Chumba chake cha baridi kilikuwa aibu: mlango haufungi, kuta zinatoka jasho, mota inanguruma bila kupumzika. Idrisa alikifumua chote. Akapigilia ukutani mabamba mapya ya kuzuia joto, akabadili mota, mlango, hata taa. Mwezi wa kwanza tu, umeme ulishuka karibu nusu. Mektilda, ambaye sijawahi kumwona akitoa hela huku anacheka, siku hiyo alimpa Idrisa mgawo wake anacheka.

Tatizo alicheka mtaa mzima ukasikia. Habari zikamfikia Mzee Bakili, mwenye nyumba. Mkataba wa pango ulipokwisha, akapandisha kodi. "Duka lina nafuu sasa," alisema, "na mimi nionje." Mektilda akagoma, akahamishia kuku wake Buguruni. Idrisa alipomfuata, akaambiwa, "Mdogo wangu, tulikubaliana tugawane tunachookoa. Huku tunaokoa nini?"

Basi akaja na spana zake afungue mali yake. Mzee Bakili alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unafungua nini?"

"Vitu vyangu, mzee. Niliviweka kwa makubaliano na Mektilda."

"Mimi ulikubaliana na mimi lini? Ukishapigilia kwenye ukuta wangu ni changu. Wewe si mgeni hapa mjini."

Kweli si mgeni. Sote tunajua: mpangaji akiweka dari au vigae, akihama anaviacha. Idrisa alipiga hesabu za kila kitu, mota inakula kiasi gani, mlango unavujisha kiasi gani, akasahau kumuuliza mwenye ukuta. Nilipandwa na hasira. Nilimchukia Bakili kwa uroho wake na Mektilda kwa mdomo wake, lakini aliyenikera zaidi ni Idrisa mwenyewe na upole wake ule. Alisema tu, "Sawa, mzee," akakusanya spana zake.

Sasa mpangaji ni Filbert, anayeweka humo samaki anaowatoa soko la Feri. Kila akija kwangu kununua taa anasifu kwamba duka lile lina baraka, umeme hauishi. Hamjui Idrisa, wala hamdai wala hadaiwi. Sitara naye anashinda Mchikichini, anapunguza suruali za mitumba kwa cherehani ya mtu.

Wiki iliyopita Mzee Bakili alimwita Idrisa mbele ya duka langu. Ana fremu nyingine tatu za maduka kwenye jengo hilo, anataka zitengenezwe vilevile ili naye azipangishe ghali. Vifaa atanunua mwenyewe, Idrisa atalipwa kibarua, kwa siku.

Nikangoja amtukane. Nilikuwa tayari kumsaidia matusi, ninayo mengi.

Idrisa alifuta mikono kwenye suruali, akamuuliza aanze lini.